Fiche ya Mama Mkwe

Wanawake wa salle ya upasuaji, yaani wodi ya waliopasuliwa, waliniita Papa Lala. Si kwamba nilikuwa mvivu, ingawa mke wangu Claudine angekuwa na mawili matatu ya kusema hapo. Waliniita hivyo kwa sababu neno la kwanza nililomwambia kila mwanamke aliyetoka kupasuliwa lilikuwa "lala," na la pili "lala," na akithubutu kuinua kichwa aone kama kumekucha, la tatu lilikuwa lile lile kwa sauti ya juu zaidi. Nilikuwa mkuu wa wauguzi wa salle ya wanawake, hapa Kisangani, mwaka wa kumi na tano. Blouse yangu nyeupe, koti la kazi, ilipigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mfukoni nilichomeka kalamu tatu, na mbili hazikuwa na wino. Kwenye karatasi za serikali jina langu lilikuwa lingine, maana miaka ile majina ya ubatizo yalikatazwa, na sote tulikuwa citoyen fulani na citoyenne fulani. Lakini mtu mwenye maumivu hana nafasi ya authenticité, siasa ile ya majina ya kienyeji. Anaita Papa Évariste, au Papa Lala, na mimi nakuja.

Sheria yangu niliirithi kwa masista wa zamani, na nikaishika kuliko wao wenyewe. Mwanamke akitolewa kizazi, siku kumi hashushi mguu chini. Hali, hanywi, ni sérum tu inaingia kwa mshipa, mpaka tumbo litoe upepo, ndipo tunajua matumbo yameamka. Kila asubuhi napita na fiche, karatasi ya kila mgonjwa, kitanda kwa kitanda, nauliza kama hakimu: "Gaz?" Mgonjwa anajibu ndiyo au bado, mimi naandika na kutia sahihi. Halafu anakaa wiki tatu nzima. Akienda kwao kabla ya hapo, mimi naona kama amenitoroka.

Bon. Mwaka 1979 tukaletewa Docteur Wenceslas. Mtu wa Maniema, mwembamba, sauti ndogo, na sauti ile ndogo ndiyo iliyoniudhi, kwa sababu mtu wa kupiga kelele unaweza kumpigia kelele. Wiki ya kwanza tu akaniita kwenye chumba chake.

"Papa Évariste, hii kulala mingi njo inatuulia wamama," akasema. "Damu inaganda kwa miguu. Makohozi inakaa kwa mapafu. Kuanzia sasa, aliyepasuliwa leo, kesho asubuhi anakunywa chai. Siku ya pili anatembea. Siku ya saba anarudi kwao."

"Na kidonda, docteur? Kitapasuka."

"Kidonda nimeshona mimi. Haiwezi kupasuka."

Akafungua droo ya meza akanionyesha orodha: wanawake wa Isangi, wa Bengamisa, wa Ubundu, wote na kansere ya kizazi, wote wanasubiri kitanda. Tulikuwa na vitanda kumi. "Hii ugonjwa haisubirike, papa," akasema. Nikajibu "oui, docteur," na nilipotoka mlangoni nilikuwa nimeshaisahau ile oui.

Mwezi ule ulikuwa mwezi wangu wa mateso. Wanawake waliopasuliwa juzi walizunguka kwenye korido na chupa zao za sérum, pagne za kitenge zimefungwa vizuri, wanapiga soga kama wako sokoni. Mimi nikawa nafuata nyuma nikingoja mmoja aanguke. Hakuanguka mtu. Homa zilipungua, kikohozi kikapungua, na siku ya saba wanaaga na kuondoka. Mungu anisamehe, kilichonikera zaidi ni kwamba hakuna aliyekufa.

Ndipo mama wa Claudine akaugua. Mama Marthe, mwuzaji wa samaki wakavu wa Yanonge, mwanamke mnene, mwenye kifua na sauti, ambaye akisimama ufukweni mitumbwi yenyewe inajipanga. Alikuwa ametokwa damu karibu mwaka mzima bila kumwambia mtu, miaka mingi baada ya kuacha kuona siku zake. Docteur alimpima, akaniambia: ni kansere, lakini tumewahi.

Sasa lazima nieleze jambo moja, ili mnicheke kwa haki. Kwetu, bokilo ni bokilo, mkwe kwa mkwe, na kila mmoja anamwita mwenzake hivyo. Mwanaume hamtazami mama wa mke wake usoni, hamgusi, hali naye sahani moja, na wala hataji mbele yake kitu chochote cha mwili wa mtu kilicho chini ya shingo. Miaka kumi na miwili ya ndoa, mimi na Mama Marthe tulikuwa tumezungumza habari za mvua, bei ya samaki, na watoto kama wanakua. Tulikuwa tunapendana sana, kwa namna hiyo, kila mtu akiangalia upande wake.

Alipasuliwa Jumatatu. Kitanda cha pili kutoka kwake alilazwa Simone, mwuzaji wa kwanga, mikate ya muhogo, mwenye ugonjwa ule ule, aliyepasuliwa siku ile ile, saa mbili baada yake. Docteur alitoka kwenye chumba cha upasuaji anatabasamu. "Imetoka yote, papa. Ilikuwa ndani ya kizazi tu. Sasa kazi iko yako. Chai kesho, halafu atembee." Jumanne alfajiri akapanda Land Rover kwenda Bengamisa kuona wagonjwa, arudi Jumatano. Mvua ikanyesha. Barabara ile ikinyeshewa haikuachi. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita, docteur yuko kwenye matope na sisi tuko na mimi.

Ah, mimi! Nilijipanga. Wagonjwa wengine wa docteur, sawa, wanywe chai yao na kutangatanga. Lakini mama mkwe wangu? Watu wa Yanonge waseme Évariste alimfukuza mama mkwe kitandani siku ya pili kama mwizi? Mama Marthe atapewa mapumziko ya heshima, mapumziko kamili, ya zamani, bila kupunguza hata siku. Nilileta shuka mpya kutoka nyumbani. Nilizungusha paravent kitanda chake, kile kizuizi cha kitambaa, pande zote tatu. Nikawakusanya wauguzi wenzangu nikatangaza: "Mama Marthe, hakuna mutu anamugusa. Fiche yake ni mimi peke yangu."

Na kwa kuwa mimi pia, kwa desturi, siruhusiwi kumgusa, maana yake nilikuwa nimepanga, kwa akili zangu timamu, kwamba mgonjwa huyu asiguswe na mtu yeyote. Kumwosha nilimwachia Mama Florentine, mdogo wake, aliyekuja naye kama garde-malade, ndugu wa kumhudumia. Chupa ya sérum niliibadilisha mwenyewe, nimepitisha mkono nyuma ya paravent, uso nimeuelekeza dirishani, kama mtu anayeiba yai chini ya kuku. Mara mbili nilimwagia sérum ukuta.

Jumanne asubuhi nikaanza tour yangu na fiche. Nikafika kwenye paravent. Kinywa nikafungua. Neno likakataa kabisa kutoka.

"Mama, mumeamuka?"

"Tumeamuka, bokilo."

"Hali?"

"Muzuri tu."

Nikaandika: Gaz, hapana. Nikatia sahihi. Mtaniuliza, uliandikaje bila kuuliza? Niliandika kwa sababu kichwani mwangu mama mkwe hana kitu cha namna hiyo. Mama mkwe ana kichwa, ana mikono ya kupokea zawadi, ana sauti ya kubariki watoto. Utumbo ni wa watu wengine. Jumatano nikaandika hapana. Alhamisi, hapana. Nyuma yangu nilisikia wanawake wanacheka chini ya shuka, na Simone, aliyekwisha kunywa chai Jumanne na kula uji Jumatano, alikuwa ameketi kando ya kitanda akitingisha miguu na kunitazama kwa jicho la huruma. Nilifikiri wanacheka sheria ya docteur.

Ijumaa Mama Marthe alikuwa amebadilika. Sauti ile ya ufukweni ilikuwa imebaki nyembamba. Alikohoa, akishika tumbo. Midomo ilikauka ikapasuka. Hilo niliambiwa na Florentine, maana mimi nilikuwa naangalia dirisha.

"Bokilo," Florentine akaniambia kwenye korido, "dada anaweza hata kulamba maji ya muchele? Kidogo tu?"

"Mpaka gaz, mama. Njo sheria."

Florentine akafungua mdomo. Akaufunga. Akaangalia miguu yake muda mrefu, kisha akarudi ndani. Nikajisemea, huyu ni mwanamke mwenye adabu. Mpumbavu mimi.

Jumamosi, saa sita mchana, docteur akaingia, matope mpaka magotini. Simone alikutana naye mlangoni, anatembea, pagne mpya, akamsalimia kwa kucheza hatua mbili. Docteur akacheka. Halafu akasogeza paravent, akamwona Mama Marthe, na kicheko kikaisha. Akachukua fiche. Akaisoma kwa kidole, siku kwa siku. Akamgusa tumbo, akaweka stéthoscope, akasikiliza sana.

"Tumbo imevimba kidogo. Na inanyamaza, karibu kabisa," akasema. "Siku tano, hakuna gaz. Papa Évariste, uliuliza weye mwenyewe?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na kalamu zangu tatu. "Ndiyo, docteur."

Akamgeukia mgonjwa. "Mama, kweli gaz haijatoka hata mara moja?"

Hapo Mama Marthe akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanya katika miaka kumi na miwili. Aliniangalia usoni. Kidogo sana. Kisha akageuza kichwa kwenye mto akakitikisa: hapana.

Docteur akanivuta pembeni. "Kuna kitu imefunga ndani. Utumbo imejikunja ao imeshikwa na mushono. Lazima tufungue tena, leo, saa tisa. Tayarisha vyombo."

"Docteur, nguvu zake..."

"Najua. Hana. Anaweza kutubakia kwa meza. Lakini nikimwacha hivi, atakufa tu. Fiche iko wazi."

Nikaenda kuchemsha vyombo. Maji yalichemka na mimi nilichemka nayo. Fiche iko wazi! Ile fiche iliandikwa na mtu aliyekuwa anaongea na dirisha. Kwa nini sikusema pale pale? Kwa sababu miaka kumi na tano nimetembea salle ile kama askofu, na mtu kama huyo hajui kusema "nimedanganya." Anajua kusema "ndiyo, docteur." Niliangalia mikasi inavyorukaruka ndani ya maji, nikajua mikasi ile inakwenda kumkata mama wa Claudine labda bila sababu yoyote, nikaketi chini kwenye sakafu.

Saa nane na nusu nikamfuata Florentine. "Mama, unisaidie. Umuulize dada yako, kwa kweli kweli, kama ile kitu..."

Akajifunika uso na pagne. "Bokilo! Na mimi ni mama mukwe yako! Unataka niseme na weye maneno ya namna gani?"

Nikaenda kwa Simone. Simone alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Papa Lala, nani aliandika kwa karatasi? Ni mimi?"

"Ni mimi."

"Bon. Uko na mudomo, uko na miguu, na kitanda yake iko pale. Ende."

Wanawake tisa waligeuza vichwa kunifuata. Nikaingia ndani ya paravent. Nikampa mgongo, hiyo heshima nilibaki nayo. Jasho lilinitoka mpaka blouse ikalegea.

"Mama."

"Bokilo."

"Mama, nakuja kukuuliza neno. Sikuuliza hata siku moja. Niliandika tu kwa kichwa yangu." Nikashika kitambaa cha paravent. "Ile gaz. Ile upepo ya tumbo. Ilitoka?"

Kitanda kikalia kidogo. Nilifikiri amezimia kwa haya, na mimi nilikuwa karibu kumfuata.

"Jumatano," akasema. "Asubuhi na mapema. Salle yote ilisikia. Halafu jana tena. Mara mbili."

Nikageuka. Desturi ilianguka chini na sikuinama kuiokota. "Mama! Sasa docteur alipokuuliza, juu ya nini ulikataa?"

"Weye ulikuwa umekwisha kuandika." Alikuwa anaongea polepole, akipumzika kati ya maneno. "Uliniambia hali, nikasema muzuri. Nikasikia kalamu. Alhamisi Florentine alisoma karatasi kule kwa mguu ya kitanda, akaniambia umeandika hapana. Nikisema ndiyo, docteur ataona weye ni mwongo. Watakutoa kwa kazi. Mutoto yangu atakula nini na watoto wake?"

"Walikuwa wanaenda kukupasua, mama! Saa tisa!"

"Nilisikia." Akakohoa, akajishika tumbo, akangoja maumivu yapite. "Nilisema tu, kama Mungu anataka, niko muzee. Watoto wako wangali wadogo."

Sijui nilitokaje pale. Najua nilikimbia, na Papa Lala hakuwahi kukimbia ndani ya hospitali, na kalamu zilimwagika korido yote. Docteur alikuwa amekwisha kuosha mikono, anaishika juu, maji yanamtiririka viwikoni. "Docteur, ile fiche ni uwongo," nikasema. "Siku tano, uwongo mutupu. Sikumuuliza, ni bokilo yangu, nilikuwa na haya. Gaz ilitoka Jumatano. Ni njaa, docteur. Nimemulaza na nimemushindisha njaa, basi."

Nilingoja anitukane. Ningependa sana anitukane. Alishusha mikono yake polepole, akaiangalia, akaikausha.

"Zima ile moto," akasema. "Umupelekee chai, na sukari mingi. Kidogo kidogo, kwa kijiko. Na anakaa kitako leo, si kesho."

Chai ile aliipokea kutoka kwa Florentine, mimi nikishika sufuria nje ya paravent. Kijiko cha kwanza, cha pili. Cha kumi alinyang'anya kikombe. Salle ikapiga makofi. Jumapili uji, mchuzi wa samaki, na gaz za kutosha hata nikaziandika zote, na saa zake. Homa haikuja. Tumbo likashuka. Jumatatu docteur akaja, akamtazama, akanitazama.

"Leo anatembea," akasema. "Papa Évariste, utamusimamisha weye."

"Docteur, mimi? Florentine iko..."

"Weye."

Saa nne asubuhi, basi, paravent ikaondolewa. Mama Marthe alikuwa ameketi kando ya kitanda, amefunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda misa. Florentine alishika chupa ya sérum. Simone, ambaye alikuwa anarudi kwake siku ile ile, furushi lake begani, alisimama mlangoni na kukataa kuondoka kabla hajaona.

"Mama, nipe mukono," nikasema.

"Yanonge wakisikia, bokilo."

"Wasikie."

Akanipa. Nikaweka mkono wangu mwingine nyuma ya mgongo wake, nikajikaza miguu, maana nilikuwa nimejiandaa kuinua yule mwanamke wa ufukweni, yule mwenye kifua, aliyeshusha magunia ya samaki peke yake. Nikavuta. Akaja juu mara moja, bila uzito, karibu nimrushe. Chini ya nguo mbavu zilikuwa zinahesabika. Mkono wake ulizunguka ndani ya mkono wangu na nafasi ikabaki.

Hatua ya kwanza miguu ikakataa, akaniangukia kifuani. Nikamshika. Machozi yakanitoka mbele ya wanawake tisa na docteur, na hakuna aliyecheka.

"Niko muzito, bokilo?" akauliza, anahema. "Nikae chini kidogo?"

Kilo zile zote nilimtoa mimi, kwa adabu zangu, na yeye alikuwa tayari kuniachia na zile zilizobaki. Nilimwambia tu, "Twende, mama," tukaenda, mguu kwa mguu, na sikumwachilia mpaka mlangoni.